Mchungaji Mmoja Hatoshi

Ijumaa jioni mchungaji anasuluhisha ndoa. Jumamosi asubuhi anazika, mchana yuko na fundi wanahesabu mabati. Jumapili anahubiri ibada mbili, anabariki watoto, anawaombea wagonjwa, kisha anaingia ofisini kupitia hesabu ya sadaka. Jumatatu ndiyo siku yake ya kupumzika, lakini simu inaanza kuita alfajiri. Wachungaji wengi wa Afrika Mashariki wanaishi hivyo, na waumini tumezoea hata tunadhani ndivyo Kanisa lilivyoanza.

Halikuanza hivyo. Paulo, akiwaandikia Waefeso, anataja mitume, manabii, wainjilisti, wachungaji na walimu, na anaeleza kwamba wote hao wamewekwa ili kuwaandaa waumini wafanye huduma. Waumini ndio wahudumu. Kwa Wakorintho anaongeza karama za uponyaji, za kusaidia, za kuongoza, za kupambanua roho. Kwa Warumi anaweka utoaji na huruma katika orodha moja na unabii, na mwishoni mwa waraka huo anamtambulisha Fibi, mhudumu wa kanisa la Kenkrea, kisha anawasalimu Priska na Akila ambao kanisa lilikutana nyumbani mwao. Mitume walipoona ugawaji wa chakula kwa wajane wa Yerusalemu unaleta manung'uniko, hawakujiongezea kazi. Waliwaambia waumini wachague watu saba.

Historia ya Kanisa katika nchi zetu inasema hivyo hivyo. Apolo Kivebulaya alipofika Mboga, mashariki mwa Kongo, mwaka 1896, alikwenda kama mwalimu wa dini, hajawa hata shemasi. Kanisa la Anglikana la Kongo linahesabu mwanzo wake kwa mtu huyo. Uamsho uliotikisa Rwanda, Uganda, Kenya na Tanganyika kuanzia miaka ya 1930 ulibebwa kwa sehemu kubwa na walei: walimu, wauguzi, wakulima, akina mama waliokutana kutubu, kuimba na kushuhudia bila kusubiri kibali cha mtu. Festo Kivengere, aliyekuja kuwa askofu, alifundisha shule Dodoma na kuhubiri kwa miaka mingi kabla ya kupata daraja mwaka 1967. Naye Edmund John, mlei wa Kianglikana na ndugu wa Askofu Mkuu John Sepeku, aliendesha huduma ya maombezi na uponyaji nchini Tanzania hadi alipofariki mwaka 1975. Watu walimfuata kwa sababu karama ilionekana kwake, ingawa hakuwa na cheo cha upadri.

Tulipoteaje basi? Kanisa lilipopata ofisi, mihuri na vyuo, jambo ambalo si baya lenyewe, tukaanza kuona kwamba asiye na kola hana huduma. Mwinjilisti, ambaye katika orodha ya Paulo anatajwa kabla ya mchungaji, leo katika sharika nyingi ni msaidizi wa gharama nafuu: anaendesha mtaa mzima, anatembea kwa miguu, na fedha zikipungua posho yake ndiyo ya kwanza kukatwa. Katekista wa kigango yuko hivyo hivyo. Padre anafika mara moja kwa mwezi, pengine kwa miezi miwili. Siku zote nyingine katekista ndiye anayefundisha wakatekumeni, anaongoza ibada ya Jumapili, anazika na kuitwa usiku mgonjwa anapozidiwa. Papa Francisko alipoitambua rasmi huduma ya katekista mwezi Mei 2021, alilipa jina jambo ambalo vijiji vyetu vimelitegemea kwa zaidi ya miaka mia moja. Bado maparokia mengi hayajawatendea makatekista wao kwa kiwango cha heshima hiyo.

Hali ya wanawake inaumiza zaidi. Hatua zimepigwa, na tunazishukuru. Kivengere, akiwa Askofu wa Kigezi, Uganda, aliwapa wanawake upadri mwaka 1983. Kanisa la Kiinjili la Kilutheri Tanzania (KKKT) lilikubali wachungaji wanawake mwaka 1990. Mwaka 2021 Rose Okeno akawa Askofu wa Butere, Kenya. Lakini ingia katika usharika wa kawaida umtazame mama yule ambaye kila mtu anamjua. Akisikia mtu amelazwa, anafika wodini na chupa ya uji kabla wazee wa kanisa hawajapata habari. Anajua nyumba ipi haijawasha moto tangu juzi. Wasichana wanamweleza mambo wasiyoweza kumwambia mzazi wala mchungaji. Hiyo ni karama ya uchungaji, iko wazi kama jua la mchana. Kamati ya usharika inapokaa, mama huyo anatakiwa kupika chai.

Wako wanaoogopa, na hofu yao ina msingi. Wanasema ukifungua mlango wa karama, watajitokeza manabii wa mafuta na maji ya kununua, na mitume waliojipa cheo wenyewe. Mwaka 2023, katika msitu wa Shakahola, Kaunti ya Kilifi, ilifukuliwa miili ya watu zaidi ya 400, wengi wakiwa wamekufa kwa njaa baada ya kufundishwa kufunga. Hakuna Mkristo anayepaswa kulisahau jambo hilo.

Tuangalie vizuri, hata hivyo, ugonjwa wenyewe ulikuwa upi. Maafa ya namna hiyo hutokea pale nabii, mwalimu, mfasiri wa maono na mtoa hukumu wanapokuwa mtu mmoja, na hakuna wa kumwambia "hapana, Baba, hapo umekosea." Paulo aliagiza manabii wanene wawili au watatu, na wengine wapime. Kupima nako ni karama. Usharika wenye mwalimu anayejua Maandiko, mzee mwenye busara, mhasibu mwaminifu na mama asiyeogopa kuuliza una kinga ambayo usharika wa mtu mmoja hauna, hata kama mtu huyo ni mwema.

Kwa hiyo tunadai mambo ya wazi. Sinodi na mabaraza ya walei yaache kutaja karama katika semina tu, yaziandikie nafasi katika miongozo ya sharika: nani anafundisha, nani anatembelea wagonjwa, nani anawashauri vijana, kwa muda gani, na anawajibika kwa nani. Wainjilisti na makatekista walipwe kwa wakati na wapewe mafunzo ya maana. Fedha zishikwe na wenye karama ya utawala, mchungaji apumzishwe na funguo za kasha. Jumuiya ndogo ndogo, ambazo maaskofu Wakatoliki wa ukanda huu waliziweka mbele tangu miaka ya 1970, zirudi kuwa mahali pa kugundua nani anaweza nini. Nyingi zimebaki vituo vya kukusanya michango. Na anayedai unabii asikilizwe mbele ya wenzake wanaopima. Akikataa kupimwa, asipewe kipaza sauti.

Mchungaji, Jumapili ijayo kabla ya matangazo ya ujenzi, waulize waumini wako ni nani kati yao Mungu amemjalia kufundisha, kufariji, kuongoza au kutoa, na uwakabidhi kazi kwa majina mbele ya wote. Nawe muumini, ukitajwa, simama.