Wakati Hauna Ufunguo

Kuna hoja moja inayosikika sana katika mimbari zetu, nami ningependa izikwe. Inasema hivi: dini za Bara Hindi zinaamini kwamba wakati ni gurudumu, kila kitu kinazunguka na kurudi pale pale, kwa hiyo hazina tumaini; sisi tunaamini wakati ni njia iliyonyooka, yenye mwanzo na mwisho, kwa hiyo tumaini ni letu. Mhubiri hutumia dakika mbili kwa hoja hiyo, waumini huitika amina, na jirani yetu aliyesemwa hayupo kujitetea.

Jirani huyo yupo kweli. Mkristo wa Nairobi au Mombasa anayenunua bidhaa katika duka la Mwoshwali humwita Mhindi, akimaanisha pia Mhindu, kumbe mwenye duka ni Mjaini. Wazee wake walitoka vijiji vya Jamnagar, huko Gujarat, na wa kwanza wao walifika pwani yetu mwishoni mwa karne ya 19. Dini yake haikiri Mungu muumbaji, haimwabudu Brahma, na kuhusu wakati ina mafundisho yaliyopangwa kwa umakini ambao wengi wetu hatujawahi kuuweka katika jambo lolote la imani. Anayetaka kuyapinga, na mimi nayapinga, lazima kwanza ayajue.

Wajaini wanafundisha kwamba ulimwengu haukuwa na mwanzo wala hautakuwa na mwisho. Wakati unakwenda kwa nusu mbili za gurudumu: utsarpini, nusu inayopanda, ambamo maisha, miili na maadili huongezeka, na avasarpini, nusu inayoshuka, ambamo vyote hupungua. Kila nusu ina ara sita, yaani spoki, kama zile za baiskeli. Katika ara ya kwanza ya mteremko watu ni warefu kupita kiasi na miti huwapa kila wanachohitaji. Katika ya sita maisha hayazidi miaka 20 na watu wanajificha mapangoni. Sisi tuko katika ya tano. Ilianza miaka mitatu na miezi kadhaa baada ya kufa kwa Mahavira, Tirthankara wa 24 na wa mwisho wa mteremko huu, ambaye mapokeo yanasema alifariki mwaka 527 kabla ya Kristo. Ara hii ni ya miaka 21,000. Hesabu mwenyewe: imebaki zaidi ya miaka 18,000.

Hiyo ni sehemu fupi. Ara za mwanzo hazihesabiki kwa miaka, hivyo waalimu wao walitoa mfano wa shimo lenye upana na kina cha maili kadhaa, likajazwa vipande vya nywele za watoto wachanga na kushindiliwa. Toa kipande kimoja kila baada ya miaka 100. Muda wa kulimaliza shimo ni palyopama moja, na nusu ya gurudumu ina palyopama nyingi kuliko mtu anavyoweza kutaja. Wengine hucheka wakisikia mfano huu. Mimi sicheki. Aliyeutunga alitaka mtu aogope kuupoteza uhai mmoja wa kibinadamu, maana nafasi ya kuupata tena iko mbali sana.

Sasa ile hoja ya gurudumu. Augustino wa Hippo, Mwafrika mwenzetu wa kaskazini, aliwapiga wafuasi wa mizunguko kwa swali zito katika kitabu chake cha Mji wa Mungu: heri gani hiyo ya nafsi ambayo lazima ipotezwe tena gurudumu likizunguka? Ni mshale mzuri, lakini haumpati Mjaini. Kwake nafsi iliyowekwa huru hairudi kamwe. Inapanda hadi kilele cha ulimwengu na kukaa huko milele katika maarifa na amani, wakati gurudumu linaendelea kuzunguka chini bila yeye. Kwa hiyo mhubiri anayesema kwamba Mjaini hana tumaini la milele anasema uongo, labda bila kujua, lakini ni uongo.

Jambo la pili ni zito zaidi, na hapa nadhani Wajaini wametupita. Wanauliza wakati ni kitu gani hasa. Wapo miongoni mwao wanaoutaja kuwa mmoja wa asili sita za ulimwengu, pamoja na nafsi, maada, nafasi, na zile mbili zinazosaidia mwendo na utulivu. Wapo wanaosema si asili ya pekee bali ni mabadiliko tu ya hizo nyingine. Mabishano hayo ni ya kale na hayajaisha. Lakini wale wanaoutaja kuwa asili wanatoa mfano unaonipendeza: wakati ni kama jiwe dogo lililo chini ya gurudumu la mfinyanzi. Bila jiwe gurudumu halizunguki vizuri. Lakini jiwe haliligeuzi gurudumu, wala halifinyangi chungu.

Linganisha na sisi. Tunaambiana wakati ni ukuta, wakati ni dawa, wakati utasema. Mjane ananyang'anywa shamba na shemeji zake, anakuja kanisani, anaambiwa asubiri wakati wa Mungu. Maneno hayo yanafanya jiwe kuwa mfinyanzi. Mungu anatajwa, lakini anayetegemewa ni kalenda.

Na hapo hapo ndipo ninapowashika Wajaini wenyewe. Ikiwa wakati hautendi, bali unasaidia tu, kwa nini mnafundisha kwamba katika ara hii ya tano hakuna mtu wa nchi hii anayeweza kufikia uhuru kamili katika maisha haya? Madhehebu yao makuu mawili, Washvetambara na Wadigambara, yanatofautiana katika mengi, lakini yanakubaliana kwamba wa mwisho kufika alikuwa Jambu, miongo kadhaa baada ya Mahavira. Tangu hapo mlango umefungwa. Mtawa anaweza kufunga, kutembea bila viatu maisha yote, kufagia njia asimkanyage mdudu. Atazaliwa tena, pengine katika bara la mbali wanaloliita Mahavideha, ambako Tirthankara anafundisha hata sasa, na huko ataweza kufika. Lakini si hapa na si katika maisha haya, kwa sababu ya spoki aliyozaliwa ndani yake.

Wana jibu, na ni haki kulisikia. Watasema wakati haumzuii mtu. Ni mwili wake. Tafakari ya juu kabisa inayochoma karma zote inahitaji mwili wenye viungio vya mifupa imara kuliko vyote, na katika ara ya tano miili ya namna hiyo haizaliwi tena. Nakubali kwamba jibu hili linaiondoa lawama kwenye wakati. Linaipeleka kwenye mifupa. Na kwa mtu aliyezaliwa leo tofauti ni ipi?

Hapo ndipo Injili inapobishana nao, wala si kwenye umbo la wakati, kama ni duara au mstari. Yule mhalifu aliyesulubiwa kando ya Bwana hakuwa na kipindi kizuri wala mwili mzuri. Hakuwa na miaka ya mazoezi mbele yake, wala hata jioni moja. Aliomba akumbukwe, akaahidiwa siku ile ile. Kisha, Yohana anatusimulia, askari wakaja wakamvunja miguu. Mifupa yake ilivunjwa baada ya ahadi, na ahadi haikuguswa. Nikimjibu Mjaini nitamjibu kwa mtu huyu. Neema haiulizi umezaliwa ara ya ngapi, kwa sababu anayeitoa ndiye aliyeuumba wakati, na jiwe halimpi amri mfinyanzi.

Lakini nani ataamini jibu hilo likitoka kwetu? Tuna wahubiri ambao kila jambo baya linalotokea kwao ni dalili ya siku za mwisho, na kwa kuwa dunia imepangiwa kuharibika, hakuna haja ya kupanda mti wala kudai haki ya yule mjane. Hiyo ni avasarpini iliyovikwa joho. Tena ni avasarpini bila nidhamu yake, maana Mjaini anayeamini kwamba dunia inateremka haachi kitu. Katika maandiko yao Mahavira anamwonya mwanafunzi wake Gautama tena na tena asizembee hata kwa samaya moja, na samaya ni kipande cha wakati kidogo kuliko vyote, kisichogawanyika tena. Waumini wao hukaa katika samayika, utulivu wa dakika 48, bila hasira wala biashara. Mara moja kwa mwaka, siku ya Samvatsari, humwendea kila mtu waliyemkosea, au humpigia simu, wakaomba msamaha. Sisi tumeamriwa tusiache jua litue tukiwa na hasira, yaani tarehe yetu ya mwisho inakuja kila jioni, na bado tuna wazee wa kanisa ambao hawajasalimiana tangu uchaguzi wa miaka mitatu iliyopita na wanashiriki meza moja ya Bwana.

Mwoshwali yule wa dukani anaamini kwamba mlango umefungwa kwa miaka 18,000 na zaidi, na leo atakaa dakika zake 48. Anayetaka kumweleza kwamba mlango uko wazi aanze kwa kupita nyumbani kwa mzee asiyemsalimu, kabla jua halijatua.