Kwa nini risasi nyingine huenda kombo?

Kiswahili chetu kina neno moja kwa vitu viwili. Risasi ni ile itokayo kwenye bunduki, na risasi pia ni ile metali laini, nzito, ya kijivu ambayo wavuvi hufanyia chubwi za mishipi yao. Si ajabu. Kwa karne nyingi risasi ya bunduki ilikuwa ni metali hiyo tu, iliyoyeyushwa na kumiminwa katika kalibu.

Mwanafunzi mmoja wa Makupa anauliza: je, vile vitu vinavyochanganywa katika risasi ya kalibu vyaathiri vipi shabaha ya bunduki ya wenzo, ile ya sinema za Kimarekani, ambayo mpigaji husukuma kipini chini na kukirudisha ili risasi nyingine iingie?

Bunduki ya namna hiyo imewahi kupita hapo hapo Makupa. Tarehe 21 Aprili 1909, Theodore Roosevelt, aliyekuwa ameondoka katika urais wa Marekani mwezi uliotangulia, aliteremka Mombasa. Gari la moshi lilimvusha Makupa kuelekea bara kuwinda. Mizigoni mwake mlikuwamo Winchester ya wenzo ya muundo wa 1895. Katika safari hiyo yeye na mwanawe Kermit waliua wanyama 512.

Risasi za Winchester hiyo zilikuwa na uzito wa gramu 19 hivi, nazo zilivishwa koti la metali ngumu zaidi. Kwa nini koti? Jibu limo ndani ya mtutu.

Mtutu una mifuo iliyojipinda. Kazi yake ni kuizungusha risasi kama pia ya watoto. Pia inayozunguka husimama wima. Ikipungua kasi hupepesuka na kuanguka. Sasa basi, risasi tupu iliyo laini ikisukumwa kwa baruti kali, huparuzika na kuteleza badala ya kuifuata mifuo. Huacha utando wa metali mtutuni, na zile zinazofuata huenda kombo.

Ndiyo maana mafundi hawatumii metali ya risasi peke yake. Huongeza antimoni ili iwe ngumu, na bati kidogo ili iliyoyeyuka ijaze kila pembe ya kalibu. Mchanganyiko huo si mgeni hata kwetu sisi wa magazeti. Herufi za mitambo ya zamani ya kuchapishia ziliundwa kwa takriban sehemu 84 za risasi, 12 za antimoni na 4 za bati. Huko Marekani mabaki ya herufi hizo yaligombewa na watengenezaji wa risasi.

Lakini ugumu pekee hautoshi. Risasi ngumu iliyo nyembamba kuliko mtutu huacha upenyo. Moto wa baruti hupita ubavuni na kuiyeyusha. Kwa hiyo hufanywa nene kidogo kuliko mtutu. Kwa mtutu wa inchi 0.308, aghalabu risasi ya kalibu huwa inchi 0.309 au 0.310. Unene wa unywele ni mkubwa kuliko tofauti hiyo!

Kisha kuna mafuta. Risasi huchongwa vijifereji na kupakwa mchanganyiko wenye nta ya nyuki ili isikwaruze. Kitakoni huweza kuvishwa kikombe kidogo cha shaba, kwani kitako kikimeguka upande mmoja, hewa ya moto huisukuma risasi upande inapotoka mtutuni.

Na ncha je? Bunduki nyingi za wenzo hupanga risasi katika bomba chini ya mtutu, ncha ya moja ikigusa kitako cha nyingine, penye fataki. Ncha kali yaweza kuilipua. Kwa hiyo ncha hufanywa bapa, ingawa risasi bapa hupoteza kasi upesi hewani. Winchester ya 1895 ilikuwa na kisanduku badala ya bomba, hivyo haikuwa na hofu hiyo.

Usidhani haya ni mambo madogo. Kwa mwindaji, kukosa kwa shubiri moja kulimaanisha mnyama kukimbia na jeraha, au kumrudia aliyempiga. Kenya ilipiga marufuku uwindaji huo mwaka wa 1977, na kutengeneza risasi bila kibali ni kosa.

Wazazi, jambo moja zaidi. Metali hii hudhuru hata bila bunduki. Ng'ambo ya Makupa, katika kijiji cha Owino Uhuru, kiwanda kilichoyeyusha betri kuukuu za magari kiliwatia sumu watoto na wazazi wao. Mwaka wa 2020 mahakama iliamuru wakazi walipwe shilingi bilioni 1.3, na Mahakama ya Juu ikairejesha amri hiyo mwaka wa 2024. Basi chubwi isiyeyushwe katika sufuria ya jikoni, wala mtoto asiachiwe betri kuukuu kuwa mchezo.

Hadi Jumapili ijayo, kwaherini.