SAFU YA MAMA NA MTOTO: Mapafu nayo yana hesabu yake

Mtu akikimbia usiku, kadi ya kliniki hubaki nyumbani. Toka Mocímboa da Praia iliposhambuliwa Oktoba 2017, na Palma Machi 2021, tumezoea kumuuliza mama, "Mimba ya miezi mingapi?" na kujibiwa, "Sijui, nimepoteza hesabu." Mwezi huu tunasema: kina mama, tuirudishe hesabu hiyo.

Tumboni mtoto havuti hewa, mapafu yake yamejaa maji. Wiki za mwisho, tezi mbili ndogo juu ya figo zake huongeza homoni iitwayo kotisoli. Hiyo huyakomaza mapafu, yatoe utelezi unaozuia vifuko vya hewa kugandana kama mfuko wa plastiki uliolowa. Akizaliwa kabla ya hapo, anakoroma, kifua kinabonyea, anachoka.

Daktari Graham Liggins wa New Zealand aliwapa wanakondoo walioko tumboni dawa ya jamii ya homoni hiyo. Mwaka 1969 akaeleza kuwa mmoja alizaliwa kabla ya siku zake, kumbe mapafu yameanza kufunguka! Mwaka 1972, yeye na mwenzake Ross Howie wakaonyesha kuwa kwa binadamu pia inasaidia, mama akichomwa sindano. Mwaka 2020, utafiti wa Shirika la Afya Duniani katika nchi tano, Kenya ikiwemo, ulionyesha sindano hizo zinapunguza vifo vya watoto njiti.

Lakini si dawa ya kununua sokoni. Hutolewa hospitali, mimba ikiwa ya wiki 24 hadi 34, mama akiwa hana maambukizi. Tena inataka muda, kama siku moja au mbili kabla mtoto hajatoka. Ndiyo maana hesabu ni muhimu.

Hukumbuki tarehe? Hesabu miezi mwandamo toka siku ya kwanza ya damu ya mwisho. Ilikuwa kabla ya Ramadhani au baada ya Idi? Wiki 34 ni kama miezi minane ya mwandamo. Mwambie mkunga, aandike.

Chupa ikipasuka, damu ikitoka au uchungu ukija mapema, twende hospitali saa hiyo hiyo. Kina baba, msiseme "tungoje kidogo". Na mtoto njiti afungwe kifuani kwa mama kwa kapulana, ngozi kwa ngozi.

Tukutane mwezi ujao, inshallah.