Franka za koperative zinunue mishale, si waya



Kila mara kabla ya kupanda, mkutano wetu unarudi kwenye swali moja: tutalinda mashamba na nini? Safari hii swali limekuja na bei. Wanachama wengine wameomba sehemu ya sanduku ya koperative inunue waya ya kutegea, ile ya freni ya kinga na pikipiki, kisha kila jamaa ipewe mita zake. Wengine wanaomba risasi za kaliba 12, juu ya wale wawili watatu wenye bunduki. Sisi wa kamati tunaleta wazo letu hapa mbele ya mkutano, kusudi kila mtu alifikirie nyumbani, si kwa makelele chini ya mwembe. Tunaona franka hizo ziende kwenye upinde, mishale, wavu na mbwa. Waya hapana, risasi hapana.

Hatusemi hivyo juu ya kudharau hasara. Huku kwetu, kwenye njia ya Mambasa mpaka Epulu, shamba linapakana na msitu, na msitu hauna mlango. Ndezi, ile panya kubwa ya majani ambayo wengi wanaita simbiliki, inakata mpunga na mahindi chini kabisa, usiku mmoja unaona mstari mzima umelala. Makako wanakuja asubuhi na tena saa za jua kupungua, wanavunja mahindi na kufungua kakao hata kabla haijaiva vizuri. Nguruwe wa pori akiingia kwenye mihogo ao karanga, asubuhi utafikiri ni watu wamelima. Tunajua mama wanaolala ndani ya kibanda cha shamba miezi miwili, na watoto wanaoacha masomo juu ya kupigia makako kelele. Anayeomba waya anaomba apumzike. Hilo tunalielewa.

Na waya iko na nguvu yake, tuseme ukweli. Haina usingizi. Bei yake ni ndogo, hata mzee asiyeweza kukimbia anaitega, na ukitega ishirini, moja itakamata kitu. Kama kazi ya mtego ingekuwa kukamata tu, tungekwisha maneno hapa.

Shida ni kwamba waya haijui nani aliyekula mahindi yako. Inakamata mguu wowote unaopita. Leo ni simbiliki, kesho ni mbuzi wa jirani, keshokutwa ni mbwa wako mwenyewe. Kesi ngapi za mbuzi zimefika kwa shefu wa kijiji kila msimu wa mitego? Zinaisha kwa malipo ambayo yanapita bei ya mahindi yaliyoliwa, na majirani wawili hawasalimiani tena. Kisha kuna wakati wa kupalilia. Mtu ametega ishirini, mvua inanyesha, magugu yanakimbia, anapita kuangalia mitego mara moja kwa juma. Nyama iliyokamatwa inaoza kwenye waya. Nyingine inakata kamba na kukimbia na waya mguuni, inakufa mbali, hakuna aliyeila na hakuna aliyelindwa. Na waya ya chuma haiozi kama kamba ya msitu. Mwenye kuitega anaweza kuhama kijiji, ao kukimbia vita, na yenyewe inabaki pale inangojea.

Kuna jambo lingine ambalo kwenye mkutano watu wanalizunguka. Si waya yote inayoombwa juu ya shamba inakaa kando ya shamba. Wachuuzi wanapita na pikipiki wakitafuta mboloko na nyama nyingine ya kupeleka kwenye machimbo ya dhahabu na sokoni. Mtu anaanza na mitego mitano kwenye ukingo wa mihogo, anamaliza na mitego mia mbili mwendo wa siku nzima ndani ya msitu. Hiyo si kulinda shamba, ni biashara, na biashara hiyo haistahili franka tulizochangia kwa kuuza mpunga na kakao. Mwenye kuifanya aifanye na pesa yake na ajibu mwenyewe mbele ya sheria.

Juu ya bunduki tutasema kidogo tu. Risasi ni bei kali na inatoka mara moja. Bunduki inataka karatasi ambazo wengi hawana. Na kwa hali tunayoishi huku, mlio mmoja wa bunduki saa kumi na moja asubuhi unaweza kutoa kijiji kizima nyumbani, watu wakimbie na mikeka kichwani. Makako mmoja hana bei hiyo.

Sasa tuje kwa upinde, juu vijana wengi wanaucheka. Wanasema ni kitu cha zamani, hauna nguvu. Tumeona pinde ambazo kweli hazina nguvu, lakini kosa lilikuwa la kuchagua vibaya. Mtu anapita sokoni, ananunua kamba ya nailoni, anafunga kwenye mti wowote uliopinda, halafu anashangaa mshale unaanguka kama ndizi.

Nailoni inavutika. Ukiiacha na mvutano, inalegea, na mshale unatoka bila haraka. Wambuti na Waefe, ambao wanawinda na upinde katika msitu huu wa Ituri tangu zamani kuliko mtu yeyote wetu, wanatumia ukanda wa kekele uliopasuliwa na kulainishwa. Ukanda huo ni bapa, ni mgumu, hauvutiki hovyo. Tunaona tusibadilishe kitu hicho. Mti wa upinde nao uwe umekauka polepole kivulini, usiwe na fundo katikati, na usiwe mgumu kupita mkono wa mwenye kuuvuta. Kipimo chetu ni hiki: vuta mpaka mwisho, shika ukihesabu mpaka tano. Mkono ukitetemeka, chukua mwepesi zaidi. Ndani ya msitu hakuna anayepiga nyama hatua hamsini. Ni hatua kumi na tano, ishirini, na mara nyingi chini ya hapo. Upinde mfupi unaopita kwenye vichaka unashinda upinde mrefu unaokwama kwenye kila tawi.

Lakini kama pesa ni kidogo, na ni kidogo, isiende kwenye upinde. Iende kwenye mshale. Upinde unatoka msituni bure. Chuma cha mshale hakitoki msituni. Na ni chuma kinachoua, si nguvu ya mkono. Mshale hauangushi nyama kwa kishindo kama risasi, unakata na damu inatoka. Chuma butu kinatoboa kidogo, nyama inakimbia na jeraha, unapoteza nyama na mshale pamoja. Kwa hiyo mfua chuma atengeneze chuma bapa chenye makali pande mbili, chembamba, chenye shina la kuingia vizuri kwenye mti na kufungwa. Chuma cha springi ya gari kinashika makali kuliko msumari uliopigwa. Kila kikundi kiwe na tupa, ile ile tunayonolea panga, na mishale inolewe kabla ya kutoka, si baada ya kukosa.

Fito za mishale zichaguliwe nyofu na kavu, za uzito unaolingana. Mkono ukizoea mshale mwepesi, mzito utaanguka chini ya alama, hata kwa fundi. Nyuma ya mshale, Wambuti wanapasua fito na kuingiza jani gumu badala ya manyoya. Watu wanaliona kama jambo la umaskini. Sisi tunaliona ni akili: jani likiharibika na mvua, lingine liko hapo hapo juu ya kichwa chako.

Upinde peke yake hautalinda kila kitu, na atakayekuja mkutanoni kutuambia hivyo atakuwa anasukuma mlango ulio wazi. Simbiliki analala kwenye majani marefu. Kazi ya kwanza ni panga: safisha ukingo wa shamba hatua kumi kuzunguka, atakosa pa kujificha. Halafu wavu upande mmoja, watu na mbwa upande mwingine, na kijana mwenye upinde kwenye pembe. Wavu wa kamba ya nkusa, kama ule wa Wambuti, unadumu ukikaushwa baada ya kazi, ukitundikwa mbali na panya. Mbwa wetu wa huku habweki sana, basi avalishwe kengele ya mti shingoni, kusudi mpiga mshale ajue yuko wapi na asimpige. Kwa makako, mshale mmoja unaofika karibu na kundi unafanya wakumbuke kuliko kelele za siku nzima, ila lazima mtu awe pale saa zao, asubuhi na jioni. Nguruwe wa pori ni jambo lingine. Asiende mtu mmoja na upinde. Nguruwe mwenye jeraha anarudi juu ya mtu. Huyo ni wa wavu imara, mikuki na watu wengi, ao ni wa moto na zamu ya usiku kwenye kibanda. Na tembo akija upande wetu, hakuna upinde wala mkuki, tunaita walinzi wa hifadhi.

Nani atapiga hiyo mishale? Hapa ndipo tunaomba mkutano uchukue muda. Wengi wetu hatujui tena kupiga. Majirani wetu Wambuti na Waefe wanajua, na tangu zamani walikuwa wanachukua chuma na chakula kwa wakulima, wakulima wanachukua nyama, asali na kazi kwao. Tatizo ni namna tulivyowalipa. Mara nyingi ilikuwa lotoko na madeni yasiyoisha, na mahali pengine bado ni hivyo. Kama koperative inataka kikundi cha kulinda mashamba, basi kiwe na makubaliano yanayosomwa mbele ya watu wote, pia mbele ya wazee wao: mishale yenye chuma inabaki yao, nyama iliyopigwa shambani ni yao nusu, na wakati wa mavuno wanapata mpunga kwa kipimo kilichotajwa tangu mwanzo. Lotoko isihesabiwe kama malipo. Mwanachama asiyeweza kukubali hilo tunamwomba alinde shamba lake mwenyewe.

Upinde hautuondoi kwenye sheria. Sheria ya kuwinda ya tarehe 28 mwezi wa tano 1982 inataka ruhusa, na kuna nyama wasioguswa kwa chombo chochote: okapi, tembo, sokomutu na wengine. Hifadhi ya Okapi iko tangu 1992, na ndani yake kuna mahali wenyeji wanaweza kuwinda kwa njia za asili na mahali ambapo hakuna ruhusa hata ya fimbo. Lakini tofauti ni hii: mwenye upinde anaona kabla ya kuachia. Akiona miguu yenye mistari meupe, anashusha mkono. Waya haishushi mkono, na okapi anayekufa kwenye waya ya koperative ataleta jina la koperative ofisini, si jina la mtu mmoja. Watu watakaobeba pinde wawe na barua ya koperative na ya shefu, na wasipite nazo kwenye barrière za barabarani. Huku kwetu mtu mwenye upinde anaweza kuitwa kitu kingine kabla hajafungua kinywa.

Kuhusu sumu: tumesikia wanaotaka kuweka dawa ya wadudu kwenye ndizi na kuitupa kwa makako, ao kupaka dawa hiyo kwenye mshale. Hapana kabisa. Dawa ya dukani inabaki ndani ya nyama, na nyama hiyo itafika kwenye sahani ya mtu. Vilevile nyama iliyokutwa imekufa, iwe kwenye mtego ao chini ya mti, haichunwi wala hailiwi. Kati ya 2018 na 2020 Ebola ilichukua watu zaidi ya 2,200 Kivu Kaskazini na Ituri. Hatuhitaji kueleza zaidi kwa watu waliozika. Ukipiga nyama na mshale, unajua ilikuwa inakimbia. Nyama iliyooza kwenye waya siku nne, nani anajua iliuawa na nini?

Ombi letu kwa mkutano ni hili. Kwa kila mashamba kumi yanayopakana na msitu, kikundi kimoja. Kila kikundi kipate mishale kumi na miwili yenye chuma, tupa moja, na wavu mmoja unaotengenezwa na wanaojua kuusuka na kulipwa kwa kazi hiyo. Pinde kila mtu ajitengenezee. Mabaki ya sanduku yaende kwa vibanda vya zamu, kusudi mama wasilale kwenye matope. Mwenye waya tayari kwenye ukingo wa shamba lake aitoe kabla ya kupanda, na aionyeshe kwa mwenye zamu wa kikundi. Mfua chuma anahitaji juma mbili kwa mishale ya vikundi vyote, basi wenye springi za gari za zamani nyumbani wazilete siku ya mkutano, tutazipima hapo hapo.