Kupiga Picha Ndege Wadogo

Vijana wetu wengi siku hizi wana simu za kupigia picha, na wengine hupenda kuwapiga ndege wadogo wa Ufipa. Kazi hiyo yashinda kumpiga picha bwana arusi!

Kwanza, ndege hatulii. Chozi anyonyapo maua, mabawa yake huenda mbio mno. Yafaa kamera ifumbue na kufumba jicho lake kwa sehemu moja ya 1,000 ya sekunde. Upesi huo wataka mwanga mwingi, na ndani ya msitu wa Mbizi mwanga ni haba. Ndiyo sababu picha hutoka kama ukungu.

Pili, ndege huliogopa umbo la mtu. Mwaka 1900, huko Uingereza, ndugu wawili, Richard na Cherry Kearton, waliwamba ngozi ya ng'ombe juu ya kiunzi chenye nafasi tumboni, mpiga picha akajificha humo, ili ndege wadhani ni mnyama wa malishoni tu. Sisi wafugaji hatushangai: yangeyange huwafuata ng'ombe wetu bila hofu.

Tatu, nalo ndilo kubwa: msikate matawi ili kiota kionekane. Majani yale ni paa la nyumba. Yakiondoka, jua huwachoma makinda, kipanga huwaona, na mama yao huenda akawasusa. Picha gani yenye thamani hiyo?

Basi wazazi, wafundisheni watoto: kaa mbali na kiota, kimya, asubuhi, jua likiwa mgongoni, ungoje. Ndege asipokuja, rudi nyumbani. Kesho naye yupo.