MFANYA KAZI ALIYEUMIA AOGE BILA HOFU

Ndugu Wafanya Kazi,

Katika mikutano yetu twasema sana juu ya mshahara, nyumba na saa za kazi. Leo nataka tuseme juu ya jambo ambalo watu huona haya kulitaja. Mwenzetu aliyeumia mguu au mgongo kazini, huoga wapi na kwa njia gani? Sisi wa reli twaijua hatari. Anayeunga mabehewa, anayebeba mataruma, fundi aliye chini ya injini, wote wako karibu na chuma kizito. Wazee walisema, hujafa hujaumbika.

Mtu akirudi kutoka hospitali kwa magongo, jamaa humwambia, "Tutakununulia hodhi la kuogea, ulale ndani upumzike." Nia yao ni njema, lakini yafaa kufikiri kwanza. Ukingo wa hodhi la kawaida waweza kufika sentimita 50 kutoka chini. Mtu wa mguu mmoja atauvukaje, na sakafu ina sabuni? Itabidi ainuliwe kama mtoto kila siku.

Kuna hodhi jingine lenye mlango ubavuni na kiti ndani. Wauzaji hulisifu sana. Lakini mtu huingia likiwa tupu, hufunga mlango, ndipo afungue maji. Akimaliza hawezi kutoka mpaka maji yote yaishe, naye yu uchi na baridi yampata. Tena lataka maji mengi, na wengi wetu twachota kwa mtungi. Basi kabla ya kulipa, mwenye kulitumia aende mwenyewe dukani, akae ndani, afunge na kufungua mlango kwa mkono wake. Asipoweza, lisinunuliwe.

Kama nyumba ina hodhi tayari, si lazima kulivunja. Liko benchi ambalo miguu miwili husimama ndani ya hodhi na miwili nje. Mtu hukaa upande wa nje, kisha hujisogeza polepole, akiingiza mguu mmoja baada ya mwingine.

Lakini kwa maoni yangu, kwa watu wa mshahara kama wetu, bora ni sakafu tambarare isiyo na kizingiti, inayoteremka kidogo kwenye tundu la maji, na kiti imara chenye mpira miguuni. Ukutani kifungwe chuma cha kushikilia, tena kwa skrubu zinazoingia ndani ya jiwe. Mtu asishike chuma cha taulo, maana hakikuwekwa kubeba mwili wa mtu. Mlango ufunguke kwa nje, kwa sababu mtu akianguka ndani, mwili wake huuzuia. Kwa kiti cha magurudumu, nafasi ya mlango isipungue sentimita 80. Maji baridi yatangulie, ya moto yafuate. Na asiyesikia joto miguuni ayapime kwa kiwiko.

Je, nani atalipa? Sheria ya fidia za majeraha kazini ya 2007 yamtaka mwajiri alipe gharama za aliyeumia katika ajali ya kazi: dawa, viungo vya bandia, magongo, na vifaa vingine vya watu wenye ulemavu. Mimi nasema kiti cha kuogea na chuma cha ukutani ni vifaa sawasawa na gongo. Katiba ya 2010, kifungu cha 54, yasema mtu mwenye ulemavu atendewe kwa heshima. Heshima gani, ikiwa baba wa watoto aogopa kuoga?

Kwa hiyo nawaomba wajumbe wa matawi yote: dai la fidia likiandikwa, mwulizeni mwenzetu habari za bafu lake, mkaandike vifaa vyake pamoja na magongo. Na pale mwajiri anapojenga nyumba za wafanya kazi, Chama kidai bafu moja la namna hii tangu msingi, kabla hatujapata wa kulihitaji.

Ni mimi ndugu yenu,
Mfanya kazi wa Reli