Shokola ya Mama Haiko Bei Kali



Siku hizi katika mabweni, hata kwenye meza ya chakula, kuna neno moja tu: eti mama mwenyi kutengeneza shokola katika butiki ile ndogo chini ya soko anatuibia. Wamoja wanasema shokola yake iko nyeusi na chungu. Wengine eti kwa bei ya kipande kimoja mutu anapata paketi tatu za biskwi. Mimi kapita wenu ninakataa maneno hayo.

Siku ya Posho iliyopita tulikwenda kule watu wane. Butiki yenyewe si kitu cha kusifu: mulango wa mbao, meza moja, kabati la kioo. Lakini mama alitupitisha nyuma kuona kazi. Anachagua mbegu za kakao moja moja, zilizooza anatupa. Anazikaanga juu ya makaa bila haraka, kwa maana zikiungua kazi yote imepotea. Kisha anazivunja, anapepeta maganda kwa lungo, ndipo anasaga. Hapo nilishangaa: kumbe hakutoki unga, kunatoka kitu kama uji muzito, kwani karibu nusu ya mbegu ya kakao ni mafuta. Anasaga tena na tena pamoja na sukari, masaa mengi, na umeme ukikatika anangojea. Mwisho anamimina katika vyombo vidogo, ikiganda anafunga na karatasi. Maziwa haweki. Ndiyo sababu iko nyeusi, wapenzi! Na uchungu ule ndio kakao yenyewe.

Hiyo ni kazi ya butiki tu. Hapa Butembo kuna baridi, kakao haikubali. Inatoka chini, upande wa Beni, Watalinga na Mambasa. Tunda moja lina mbegu 30 au 40 hivi. Zinafunikwa na majani ya ndizi siku 5 mpaka 7 kusudi zichachuke, halafu zinaanikwa karibu juma zima. Wenzetu wengi humu masomoni wanalipiwa minervali na kakao hiyo. Tena tangu mwaka 2014 wauaji wanahangaisha vijiji vya Beni, na kuna wazazi wanaoogopa kwenda kuvuna mashamba yao wenyewe. Mutu akitaka kupiga kelele za bei kali mbele ya mwenzake wa Watalinga, afikiri kwanza.

Niliuliza katika darasa letu la mwisho: nani baba yake analima kakao? Mikono 7. Na nani kati yenu alikwisha kuonja shokola ya kakao ya kwetu? Mumoja tu. Neno hilo lilinikaa rohoni. Mbegu zinapanda malori, zinapita Kasindi kwenda Uganda, kisha ng’ambo. Ubeljiji haina mashamba ya kakao, lakini dunia yote inaisifu kwa shokola. Mwaka 2024 bei ya tani moja ilipita dola 10.000 katika masoko makubwa ya dunia, na hata hivi mwenyi kuuzisha mbegu hapati faida ya mwenyi kuzigeuza chakula. Mama huyu anazigeuza hapa hapa, na sisi tunamucheka.

Wengine watasema, mununuzi hana kazi ya kuuliza habari za shamba. Si kweli. Jamaa za Cadbury, Fry na Rowntree kule Uingereza zilikuwa Wakristo wa Kwaka, na mwaka 1909 makampuni yao yaliacha kununua kakao ya São Tomé kwa sababu watu walilazimishwa kazi kule kama watumwa. Waliuliza, hata kama walichelewa.

Sisemi kila mutu anunue kila juma. Mutoto wa bweni hana feza, ninajua vizuri. Ninaomba walimu wa komite ya sikukuu neno moja: zawadi za mwisho wa mwaka, zile bombo za kutoka ng’ambo tuziache, tununue shokola ya mama. Kipande kimoja kidogo kwa kila mushindi kinatosha.

Wanaotaka kuona kazi yake waandike majina kwangu mbele ya Ijumaa. Watu wane tu kila mara, nyumba ni ndogo. Na wale wawili wenyi deni kule butiki, ninawajua. Walipe kwanza.